Gari la Mtu Mmoja na Dhambi Zake

Nilipotangaza kwamba nataka kununua gari, watu wa kwetu Kikima walikuwa wameshanichagulia kabla sijamaliza kikombe cha chai. Baba alichagua pikapu. Mchungaji naye alichagua pikapu, lakini yenye turubai, kwa sababu ya wanakwaya na mvua. Wajomba zangu, waliokuwa na mashamba huko chini kwenye joto, walichagua pikapu ndefu kuliko zote ili magunia ya maembe yaingie bila kubanana. Mama peke yake hakuchagua. Aliuliza tu kama ndani ya gari huwa na baridi, maana asubuhi za Mbooni zina ukungu wa kukata masikio, kisha akaendelea kuchambua maharagwe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana, sijaolewa. Mwanamke wa namna hiyo akinunua gari, ukoo mzima huhesabu kwamba wote wamenunua gari.

Nilikuwa nimeona mambo. Mwalimu mwenzangu mmoja alinunua pikapu mwezi wa Januari. Kufikia Pasaka alikuwa amebeba maiti wanne, maharusi wawili, ng'ombe mgonjwa, na mabati ya kanisa ambalo hata hakusali humo. Yeye mwenyewe alikuwa akija kazini kwa miguu, kwa sababu kila asubuhi gari lake lilikuwa limeshaondoka kwenda kumbeba mtu. Alikuwa mtu mpole na hakulalamika. Mimi si mpole.

Sasa, pale shuleni tulikuwa na mwalimu wa fizikia aliyeyajua magari yote ya dunia na hakuwa ameendesha hata moja. Mmishonari aliyerudi kwao alimwachia katoni nzima ya magazeti ya magari, naye aliyasoma mpaka karatasi zikawa laini kama kitambaa. Alizungumza juu ya injini kama watu wengine wanavyozungumza juu ya mambo ya nyumba za wenzao, kwa ujuzi ambao hukujua aliutoa wapi. Alikuwa na daftari lenye mistari aliyoichora kwa rula, na kila gari lilikuwa na alama zake humo: nguvu, breki, mafuta, starehe, jumla kwa mia. Aliponisikia nataka gari, alikuja chumba cha walimu na daftari kwapani kama daktari.

"Mwalimu," akasema, "tuanze na unachotaka. Halafu tutatazama wataalamu wanasemaje."

"Nataka gari ambalo haliwezi kubeba jeneza," nikamwambia.

Akaweka kalamu chini. Akanitazama. Akaichukua tena.

"Pili?"

"Pili, liwe linapanda kona za kutoka Tawa bila kuomba msamaha."

Hilo alilielewa, akaliandika. Kila mtu wa Mbooni anazijua kona zile. Magari ya watu wema hufika katikati, yakahema, yakasimama, na abiria wakashuka kusukuma huku wakiimba.

"Tatu?"

La tatu lilinipa shida kulisema. Tangu nikiwa na miaka sita nilikuwa nimetembea barabara ile, nikipanda na kushuka, na katika miaka yote ile hapakuwa na hata dakika moja ambayo nilikuwa peke yangu. Kulikuwa na mtoto wa mtu mgongoni, au mzigo wa mtu kichwani, au barua ya mtu mfukoni.

"Tatu," nikasema, "nikikaa ndani yake nisiwe dada wa mtu, wala shangazi wa mtu, wala mwalimu wa mtu."

Akafikiri, kisha akaandika: *Viti vichache.*

Akaanza kufungua kurasa. Akanisomea gari moja la familia lililopata alama themanini na tisa, gari la heshima, milango minne, buti kama ghala. Nilipiga miayo. Akanisomea lingine. Nikaangalia dirishani. Hatimaye, alipogeuza ukurasa haraka kana kwamba kuna picha mbaya, nikaona alama zilizoandikwa kwa wino mwekundu.

"Na hilo?"

"Hilo liache. Wataalamu wamelikataa." Akasoma kwa sauti ya masikitiko: "Kelele nyingi. Usukani mzito. Breki zinahitaji mguu wa askari. Linakunywa petroli kupita kiasi. Kiti cha nyuma hakifai binadamu. Limeundwa kwa ajili ya watu wenye haraka isiyo na sababu."

"Hilo," nikasema.

"Hilo nini?"

"Hilo ndilo gari langu."

Jina la kampuni iliyoliunda silitaji, kwa sababu mpaka leo kuna wazee wetu wanaoweza kuacha kusalimiana kwa ajili ya majina hayo. Yatosha kusema kwamba lilikuwa na milango miwili, lilikaa chini, na mwalimu wa fizikia, ingawa alikuwa akinionya, alikuwa amesikia kuna moja linauzwa Mtito Andei. Nilimuuliza alijuaje. Akasema ni habari tu za barabarani. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

Tulikwenda siku ya Jumamosi, tukateremka Mtito Andei jua likiwa limeshaanza kuuma. Malori yalikuwa yamepangana pande zote mbili za barabara, madereva wakila nyama na kugombana juu ya mizani. Mwenye gari alikuwa mzee mmoja mnene mwenye hoteli na pampu mbili za petroli. Mguu wake mmoja ulikuwa mgumu, hakuukunja. Zamani alikuwa akishindana katika mbio za magari za wakati wa Pasaka, na gari hilo alikuwa amelitengeneza kwa ajili ya barabara zetu: alikuwa amelinyanyua kidogo, akaliwekea springi ngumu na bamba la chuma chini ya tumbo ili mawe yasilitoboe. Lilikuwa limeegeshwa nyuma ya jikoni, limefunikwa gunia. Alipolifunua, kuku wawili walitoka chini yake wakilalamika.

Lilikuwa na rangi ya chungwa. Boneti ilikuwa nyeusi. Mlangoni palikuwa na namba ya mashindano iliyopakwa rangi juu yake, lakini ukikaa upande wa jua uliiona bado.

Mzee aliketi kwenye kiti cha mbao, akamtazama mwalimu wa fizikia na suruali yake iliyopigwa pasi.

"Wewe ndiye utaendesha?"

"Ni mimi," nikasema.

Akageuza kiti chake kizima kunielekea. "Sikiliza, binti. Watu wawili wamekuja kabla yako. Wa kwanza akaniuliza hii gari inakunywa mafuta namna gani. Nikamwambia aende anunue ngamia. Wa pili akauliza, akiiuza baadaye atapata faida gani. Huyo nilimnyima hata chai. Wewe unataka kuuliza nini?"

Mwalimu wa fizikia alifungua daftari lake. Alikuwa na maswali kumi na sita. Nikaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Naomba ufunguo," nikasema.

Mzee akacheka mpaka mguu wake mgumu ukaruka.

Leseni nilikuwa nayo tangu zamani, nilijifunzia kwenye lori la shule, gari ambalo ukilikanyaga mafuta leo linaitika kesho. Kwa hiyo nilipotoka na hili kwenye lami kuelekea upande wa Kibwezi, nikakanyaga kama nilivyozoea kukanyaga lori. Sikuwa tayari kwa kilichotokea. Kiti kilinishika mgongo. Ile miti ya miiba kando ya barabara, ambayo huwa unaweza kuihesabu, ikawa ukuta mmoja wa kijivu. Mwalimu wa fizikia alikuwa ameanza kusoma kwa sauti, "Gia ya tatu wataalamu wanasema ina..." na hakumaliza. Baada ya muda akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, sindano ya mwendo imepita pale nilipowahi kusoma."

Nilikuwa nacheka. Hakuna aliyekuwa amesema la kuchekesha. Nilicheka tu, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa msichana tukiteleza kwenye matuta ya shamba wakati wa mvua, na nikashangaa kwamba bado ilikuwamo ndani yangu.

Kisha nikakanyaga breki. Kweli zilikuwa ngumu, zilitaka mguu wa askari. Lakini miguu yangu ilikuwa imepanda milima ya Mbooni kwa miaka ishirini na minane. Wataalamu wa gazeti lile, nilikuja kufahamu siku hiyo, walikuwa na miguu ya kukaa ofisini. Gari lilisimama sawasawa. Usukani walioulalamikia ulikuwa mwepesi kuliko jembe. Na kelele! Wao waliiandika kama kasoro. Kwangu ilikuwa ndiyo sababu ya kwanza ya kulinunua, kwa maana ndani ya kelele ile hakuna mtu angeweza kuniomba kitu.

"Unaliwekea alama ngapi?" nikamuuliza mwenzangu tulipogeuza.

Alikuwa amelifunga daftari na kulikalia. "Turudi tena mpaka pale mbele," akasema, "halafu nitafikiri."

Nililinunua siku hiyohiyo.

Nilifika nyumbani jioni, na sauti ilinitangulia kwa kona tano. Watu walitoka nje wakidhani ni mashine ya kusaga imekuja kutembea. Baba alikuwa amesimama langoni, amevaa kofia yake na koti. Yeye alikuwa mzee wa kanisa, na kabla ya kustaafu alikuwa bwana shamba. Ndiye aliyewafundisha watu wengi wa mlima ule kuchimba matuta. Aliamini kwamba kila kitu duniani kimeumbwa ili kibebe kitu kingine.

Baba aliniita *mwaitu*, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na ndivyo ilivyo kwetu. Jambo hilo lilinisaidia sana maishani. Alipotaka kunigombeza, ilimbidi kwanza amgombeze mama yake mzazi, na hapo ndipo nguvu zilipomwishia.

Alilizunguka gari mara mbili, akitafuta mahali pa mzigo.

"Mwaitu, nyuma iko wapi?"

"Nyuma ndiyo hiyo, Baba."

Nikamfungulia buti. Akachungulia. "Hii ni buti ama ni mfuko wa shati?" Akachungulia na kiti cha nyuma, akapima kwa shubiri, akatikisa kichwa. Halafu akasema neno ambalo lilizunguka Kikima kabla ya jua kutua: "Hii ni gari ya mtu mmoja na dhambi zake."

Hapo Mama akatoka jikoni akijifuta mikono. Hakumtazama Baba. Alifungua mlango wa kushoto, akaketi, akavuta mlango, akasikiliza.

"Kuko na joto," akasema. "Twende."

Ili mjue uzito wa jambo hilo, ni lazima nieleze kwamba Mama hakuwahi kukaa mbele ya gari lolote. Mbele walikaa wanaume. Baba akikaa mbele, Mama alikaa nyuma. Mchungaji akija, Baba alisogea katikati na Mama akabaki nyuma pamoja na magunia, kitambaa kichwani na vumbi machoni. Kwenye gari langu hapakuwa na mahali pa kusogea. Viti vya maana vilikuwa viwili, na kimoja kilikuwa changu. Sikuwa nimelifikiria hilo nilipolinunua. Ningependa kusema nililifikiria, lakini nilijifikiria mimi.

Tulikwenda mpaka sokoni, tukapita, tukaendelea. Mama alishika kiondo chake magotini na kutazama mbele. Tulipofika pale barabara inaponyooka kidogo, akasema bila kunigeukia, "Ongeza."

Kwa miezi kadhaa Baba hakukanyaga ndani ya gari lile. Wazee wa kanisa walikuja kuuliza kwa upole kama rangi ile inamfaa binti wa mzee. Mchungaji, ambaye hakuwa amekata tamaa kuhusu kwaya, aliomba kupima ni waimbaji wangapi wanaingia nyuma. Aliingia yeye mwenyewe. Kutoka ndiko kulikokuwa na kazi. Tulimvuta kwa mkono mmoja, kisha wa pili, kiatu kikabaki, na suala la wanakwaya halikuzungumzwa tena.

Halafu ndugu yangu mdogo, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, akampata msichana wa Nuu.

Nuu si karibu. Unashuka milima, unapita Kitui, unafika Mwingi, na kutoka Mwingi barabara inaanza kukutikisa meno mpaka uyahesabu. Siku hiyo tulikuwa tunapeleka *ntheo*, mbuzi wa kwanza kabisa ambao bila wao msichana hajaposwa, hata kama watu wameshakubaliana kila kitu. Walikuwa watatu. Baba alikodi pikapu kubwa kwa ajili yao na ya wajomba wawili, na yeye akakaa mbele pamoja na dereva, hotuba yake mfukoni. Hotuba hiyo aliiandika kwa majuma matatu. Ilikuwa na methali tisa na mistari minne ya Biblia. Mimi na Mama tulifuata nyuma, mbali kidogo, kwa ajili ya vumbi.

Wakwe watarajiwa walikuwa wametupa saa sita mchana. Baba wa msichana alikuwa karani wa mahakama mstaafu, na tulikuwa tumeonywa kwamba alikuwa na saa mbili, moja mkononi na moja ukutani, na zote zilikubaliana.

Tulipopita Mwingi kama nusu ya safari iliyobaki, tuliikuta pikapu imelala upande mmoja kama ng'ombe aliyechoka. Springi ilikuwa imekatika. Dereva alikuwa chini yake, miguu tu ikionekana, na miguu yenyewe ilionekana haina matumaini. Baba alikuwa amesimama juani, kamba tatu za mbuzi mkononi. Alitazama barabara ya tulikotoka. Hapakuwa na kitu. Akatazama ya tunakokwenda. Akatazama saa. Akatazama gari langu, akaangalia kando, akalitazama tena.

"Mwaitu," akaita.

"Naam, Baba."

"Hiyo gari yako... huko nyuma wanaweza kuingia wangapi?"

"Wanadamu au mbuzi?"

Akazikaza kamba mkononi. Najua ningeweza kumhurumia. Lakini nilikuwa nimesubiri miezi mingi.

"Kwa sababu wataalamu," nikaendelea, "waliandika kwamba kiti cha nyuma hakifai binadamu. Kuhusu mbuzi hawakuandika kitu."

Mjomba mkubwa alikohoa akageukia kichaka. Mjomba mdogo, aliyekuwa mtu wa utaratibu, akamwendea Mama dirishani.

"Mama, basi shuka kidogo, mzee akae mbele, wewe upite nyuma na hao mbuzi."

"Mgongo wangu," Mama akasema.

Mama hakuwahi kuumwa mgongo mpaka siku hiyo. Alikuwa mwanamke wa kubeba debe la maji mlimani huku akisuka kiondo. Aliweka mkono kiunoni kwa uchungu mkubwa, akafumba macho, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ulianza lini.

Kwa hiyo Baba aliingia nyuma. Magoti yalimfika kidevuni. Tulimpakatisha mbuzi jike mmoja, wa pili tukamweka miguuni, na beberu tukamsimamisha ubavuni mwake, ndevu zikimgusa sikio. Wajomba walibaki na dereva na miguu yake. Nikawasha, na beberu akasema neno moja refu.

Niliendesha kwa adabu mwanzoni. Lakini barabara ya mabonde madogomadogo ukiiendesha kwa adabu inakuua. Ukiongeza mwendo, gari hurukia juu ya migongo yake na mambo yanatulia. Hilo, lori la shule halikuweza kunifundisha. Nikaongeza. Yote yakawa laini. Mama akafunga kitambaa chake vizuri zaidi. Kutoka nyuma sikusikia kitu, si binadamu wala mnyama.

Tukafika kwenye mto. Mito ya huko muda mwingi wa mwaka ni mchanga mtupu, mpana na mweupe, na mchanga huo umemeza magari makubwa kuliko langu. Nikapunguza ukingoni.

"Mwaitu, simama," Baba akasema. "Tushuke, tupime kwanza kwa miguu."

Nilijua, kwa hesabu na kwa tumbo, kwamba nikisimama tutaota mizizi pale. Nikamtazama Mama.

"Ongeza," akasema.

Nikateremka mtoni kwa gia ya pili, mguu chini kabisa. Mchanga ulipiga lile bamba la chuma kama mvua ya mawe. Mkia wa gari ukaenda kushoto, nikaufuata. Ukaenda kulia, nikaufuata. Ukingo wa pili ukaja mbio, tukaurukia, na kwa kitambo kidogo sote sita hatukuwa tumegusa kitu chochote cha dunia hii. Tukatua. Beberu akapiga chafya.

"Ngai," Baba akamwita Mungu, taratibu. Kisha akauliza, "Kuna mto mwingine?"

Nilidhani anaogopa, nikamwambia asihofu, ulikuwa ni huo tu. Akasema, "Aa, sawa," na nilifikiri ni kupumua kwa shukrani.

Tuliingia kwa karani zikiwa zimebaki dakika tano. Watu walikuwa wamejipanga uani. Nilipomvuta Baba kutoka nyuma, akanyoosha koti, akaweka kofia, akatia mkono mfukoni kuchukua hotuba, na uso wake ukabadilika. Akatia mkono mfuko wa pili. Kisha wote tukamtazama beberu, aliyekuwa anatafuna polepole, kona moja ya karatasi yenye mistari ikining'inia mdomoni mwake.

Baba hakuwahi kuzungumza mbele ya watu bila karatasi. Hata baraka ya chakula aliiandika. Aliitazama ile kona ya karatasi mpaka ikamezwa. Halafu akamvuta beberu mbele kwa kamba.

"Wazee," akasema, "nilikuwa na hotuba. Mbuzi huyu ameila. Lakini mbuzi huyu sasa ni wenu, kwa hiyo maneno yangu yote mmeshayapokea."

Walicheka mpaka wanawake wakatoka jikoni kuuliza kuna nini. Karani wa saa mbili alipangusa macho. Kuanzia hapo mambo yalikwenda yenyewe, na Baba akaendelea kuzungumza bila karatasi mpaka ikabidi Mama amguse mguu.

Baada ya chakula karani alitoka kulitazama gari. Akalizunguka, akachungulia buti, kama alivyofanya Baba siku ile.

"Sasa hii," akauliza, "hubeba nini?"

Nilifungua mdomo, lakini Baba alinitangulia. "Haibebi," akamwambia mkwe wake kwa ukali kidogo. "Inafika."

Nilidhani hayo yalikuwa maneno ya siku ya sherehe tu. Kama majuma mawili baadaye, Jumamosi asubuhi, nilitoka nje ukungu ukiwa bado umefunika migomba, nikamkuta Baba ameketi ndani ya gari. Kiti cha mbele. Kofia magotini. Alikuwa amekisukuma kiti nyuma kabisa ili miguu yake ipate nafasi.

"Mama yako amekwenda kukama," akasema. "Twende haraka."

"Wapi, Baba?"

Alitazama mbele kama mtu aliye kanisani. "Kule kwa kona."

Tulishuka mpaka Tawa na kupanda tena, mara mbili. Alizijua kona zile kuliko mtu yeyote, alikuwa amepima miteremko ile yote kwa kamba na vijiti wakati wa kazi yake, na sasa aliniambia zinavyokuja kabla sijaziona. "Hii inajikunja zaidi mwishoni, usiiamini. Hii ni nzuri, iachie. Iachie, mwaitu!" Katika kona ya mwisho kofia ilimtoka magotini ikaenda nyuma, na hakugeuka kuitafuta. Tulipofika langoni akashuka, akajipangusa, akawa mzee wa kanisa.

"Usimwambie mama yako," akasema.

Sikumwambia. Mama aliingia garini baada ya chai, akaketi, na miguu yake haikufika mahali ilipozoea kufika. Akanusa.

"Nani alikaa hapa?"

"Mwalimu wa fizikia," nikasema. Ndiye mtu pekee niliyemkumbuka upesi.

"Mwalimu wa fizikia siku hizi anajipaka dawa ya magoti?"

Akakivuta kiti mbele, kikalia *ka*, akafunga kitambaa chake. Jumamosi iliyofuata yeye ndiye aliyekuwa ameketi mle kabla ya jogoo kuwika, na ng'ombe walikamwa na Baba, vibaya, huku akitutazama tukiondoka.

Ilinibidi niwatengenezee ratiba, kama ya shule. Mama alichukua Jumamosi, Baba Jumatano baada ya vipindi, na kila mmoja alijifanya hajui siku ya mwenzake. Mwalimu wa fizikia alipewa Ijumaa moja kwa mwezi, akija na daftari ambalo hakulifungua. Miaka karibu kumi na mmoja ilikwenda hivyo. Ndugu yangu alioa, wajomba wakanunua pikapu yao wenyewe wakaanza kubeba maiti, na mimi niliyetaka gari la kuwa peke yangu sikupata nafasi ndani yake ila siku moja kwa juma. Kila Jumapili jioni niliwaambia wazazi wangu kwamba nakwenda shuleni kusahihisha madaftari. Madaftari nilikuwa nayo kweli, darasa moja, maana buti haikutosha mawili. Niliyashusha Tawa, nikayapandisha, nikayashusha tena.